Rolig ya Mke, Rolig ya Mume

Mama yule alikuja kila siku saa sita kasoro robo mchana, na chakula cha mumewe kwenye mkebe wa bati, kwa sababu chakula cha jikoni kwetu, alisema, kilipikwa na watu wanaochukia viazi. Nilimpenda tangu siku hiyo. Mimi pia nina mdomo, na kwenye nyumba ya wazee mtu mwenye mdomo huwa anatafuta mwenzake.

Nyumba yenyewe iko Seven Hills, huku Australia, nyuma ya maghala, robo saa kwa miguu kutoka stesheni ya treni. Nilikuwa mhudumu pale kwa mwaka wa tatu: kuogesha, kuvisha, kulisha, kutandika. Mume wa mama yule alikuwa chumba cha mwisho upande wa bustani, na alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Yeye ni mzaliwa wa Sweden, mkewe wa Denmark, wakakutana melini wakija Australia, wote vijana, na tangu hapo hawakuachana. Kiingereza walikijua vizuri miaka yote hiyo, lakini ugonjwa ule huchukua kwanza kilichokuja mwisho. Kiingereza cha mzee kikaondoka chote. Akabaki na Kiswidi cha mama yake, na kile Kidenmark alichokisikia kwa mkewe mezani na kitandani zaidi ya miaka hamsini.

Ndipo mkewe akaanza kunifundisha maneno. Aliniandikia kwenye karatasi, akaibandika ndani ya mlango wa kabati: maji, choo, baridi, maumivu, mgonjwa, subiri. Kidenmark ukikisoma ni kingine, ukikisikia ni kingine kabisa, kama mtu anaongea na kiazi cha moto mdomoni, basi tulicheka sana. La mwisho kwenye karatasi lilikuwa rolig.

Neno hilo nilikuwa nimeshalisikia. Mzee alikataa kunyolewa ndevu, alirusha mikono, mara moja alinipiga kofi la haja. Mkewe akawa anaweka kiganja kifuani pake na kusema taratibu, "Rolig, rolig," na mzee anaanza kucheka mpaka mabega yanatikisika. Nikadhani maana yake ni "cheka". Mama akanieleza. Kwake yeye, kwa Kidenmark, maana yake ni tulia, usiwe na wasiwasi. Kwa mumewe, kwa Kiswidi, neno lile lile ni raha, jambo la kuchekesha, burudani. Walipokuwa bado hawajazoeana, meli ilipigwa na dhoruba, kijana akawa anatapika ndooni, na msichana wa Kidenmark akamshika mgongo na kumwambia, "Rolig, rolig." Kijana akajiuliza ni mwanamke gani huyu, mimi nakufa yeye ananiambia ni burudani. Baadaye wakaoana, na neno likabaki lao wawili, kila mmoja na maana yake.

Chumba cha jirani alikuwepo baharia mstaafu, Mnorwe, miguu haifanyi kazi lakini ulimi mzima kabisa. Alisukuma kiti chake cha magurudumu mpaka mlangoni kila aliposikia mjadala huo, kwa maana alikuwa na neno la kusema kuhusu kila kitu. Kinorwe, alisema, kiko upande wa Denmark: rolig ni utulivu. Mjerumani naye ana ndugu wa neno hilo, na ni utulivu. Watu wa Iceland wanalo, na ni utulivu. "Kaskazini nzima imetulia," alisema, "Mswidi peke yake anacheka." Mama akampiga bega kwa gazeti. Kisha akanionyesha jambo ambalo silisahau. Ukiweka kiambishi kidogo cha kukanusha mbele ya neno hilo, mtu asiye rolig, hapo wote wanapatana. Mdenmark, Mnorwe, na hata yule Mswidi aliyekwenda na raha zake, kwao wote maana ni mtu mwenye wasiwasi. Kwenye raha wanaachana, kwenye wasiwasi wanakutana.

Mimi mambo hayo hayakunishangaza sana. Nimezaliwa Burundi, nimekulia kambini Kigoma, Kiswahili nimefundishwa na walimu wa Tanzania kwa fimbo. Mwenzangu wa zamu ni Mkongo wa Bukavu, na wiki yangu ya kwanza aliniambia, "Dada, kesho utaona bibi ya ule muzee, anakuyaka na chakula kila siku." Nilirudi nyumbani nikijiuliza bibi wa mtu wa miaka karibu tisini atakuwa na miaka mingapi, na anatembeaje. Kumbe kwao bibi ni mke. Tuliishi hivyo hivyo, mimi na yeye, kila mmoja na Kiswahili chake, na kazi ilikwenda. Niliamini kabisa kwamba watu wakikosana, neno ndilo lenye kosa.

Kisha korona. Mwaka wa kwanza mama alikuja dirishani, upande wa bustani, akakaa kwenye kiti cha kukunja na barakoa yake ya kushona mwenyewe. Mwaka wa pili mitaa yetu ya magharibi ilipofungwa, hata dirishani hakuruhusiwa. Sisi wafanyakazi tulipimwa pua mpaka zikachoka. Treni kutoka St Marys, ninakoishi, ilikuwa na watu watano kwenye behewa zima, wote wahudumu na watu wa maghala, kila mmoja na permit yake ya kutoka nyumbani kwenye simu, na saa tano asubuhi kila televisheni ya nyumba ile ilionyesha wakubwa wakitaja idadi ya wagonjwa wapya na mitaa yao, nasi tukisikiliza kama mtaa wetu umo. Saa sita kasoro robo mama alipiga kwa video. Mimi nilishika tableti. Alimwonyesha mumewe viazi alivyopika, halafu akavila mwenyewe mbele yake, na mzee akacheka.

Siku moja hakupiga. Siku ya pili nilikuwa mapumziko. Siku ya tatu, kwenye makabidhiano ya zamu, msimamizi alitusomea kutoka kwenye daftari: mke wa mzee wa chumba cha mwisho amefariki juzi, ghafla, jirani alimkuta jikoni kwake. Mtoto wao wa kiume yuko Perth, upande wa pili wa Australia, mipaka ya majimbo imefungwa, hawezi kuja. Atapiga video saa tisa alasiri amwambie baba yake mwenyewe. "Nobody says anything before three," msimamizi alisema. "It has to come from family." Yaani tusiseme lolote kabla ya saa tisa, ni kazi ya familia. Halafu akaendelea na habari za mashuka.

Niliingia chooni nikalia, nikanawa uso, nikavaa barakoa nyingine.

Inabidi nieleze jinsi kwetu msiba unavyofikishwa, vinginevyo nitaonekana mwendawazimu. Baba yangu alipofariki Burundi, mimi nilikuwa kambini na mtoto mchanga. Wanawake wanne wa mtaa wetu walikuja asubuhi. Mmoja akamchukua mtoto. Mwingine akaangalia kama nimekula, akaona sijala, akanikorogea uji, wakanitazama mpaka nikaumaliza. Ndipo yule mkubwa wao akasema, "Mwanangu, tumepata habari kwamba baba anaumwa." Nikasema anaumwa vipi. Akasema, "Anaumwa sana." Nikaanza kulia hapo hapo, kwa sababu watu wanne hawaji asubuhi kukuambia mtu ana homa. Wakanishika. Baada ya muda, ndipo wakasema amepumzika. Hivyo ndivyo tunavyofanya. Msiba hautupiwi mtu uso kwa uso. Unamkalisha, unamlisha, unamtangulizia ugonjwa, na moyo wake wenyewe unamfikisha kwenye kifo huku mikono ya watu iko mgongoni pake.

Na sasa mzee huyu angepigwa na habari hiyo kupitia kioo cha tableti, bila kutangulizwa, kwa Kiingereza ambacho hakuwa nacho tena. Niliona ni ukatili. Nilikasirika, na mimi nikikasirika huwa najiona nina haki.

Kwa hiyo nilimlisha kifungua kinywa, chote, mpaka kijiko cha mwisho. Nikakaa kitandani karibu na kiti chake, nikamshika mikono yote miwili. Nikafungua kabati nikasoma neno la Kidenmark la ugonjwa, ingawa nililijua. Nikamwambia mkewe ni mgonjwa. Alinitazama. Nikarudia: mgonjwa sana. Nikangoja machozi.

Hayakuja. Alisimama. Alisema neno lile kwa Kiswidi chake, linafanana na la Kidenmark, linafanana na la Kinorwe, hakuna mtu wa kaskazini angeshindwa kulielewa, kisha akaelekea kabatini akatoa koti. Mkewe ni mgonjwa, kwa hiyo anakwenda kumwona. Nini kingine mume angefanya?

Nilimvua koti. Akalivaa tena. Nilimwambia subiri, akasubiri dakika tano, akasimama. Nikaweka kiganja kifuani pake, kama nilivyoona kwa mkewe, nikasema, "Rolig, rolig." Uso wake ukabadilika. Akauondoa mkono wangu, akasema kwa sauti kubwa maneno mawili. Baharia alikuwa amefika mlangoni kwenye kiti chake. "Anasema hakuna cha kufurahisha hapa," akaniambia. Kutoka kwa mkewe neno lilikuwa na historia ya meli nzima. Kutoka kwangu lilikuwa Kiswidi tu, na nilikuwa nimemwambia mtu mwenye mke mgonjwa kwamba ni burudani.

Saa tisa msimamizi mwenyewe alileta tableti. Mtoto wao alikuwa mtu mzima mwenye mvi, macho mekundu. Alisema kwa Kiingereza, kisha akajaribu Kidenmark kidogo cha utotoni. Mzee alisikiliza, koti mwilini. Akatikisa kichwa. Akasema mgonjwa. Akanyoosha kidole, akanionyesha mimi.

"What's he saying?" msimamizi aliuliza. Mtoto wa mzee alijibu kutoka kwenye kioo, taratibu, kwamba baba anasema mama ni mgonjwa tu, na kwamba huyu dada ndiye aliyemwambia.

Wote wawili walinitazama. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilifikiria barua ya onyo, nilifikiria kazi, nilifikiria binti yangu na shule. Nikasema, "Maybe he's confused." Mzee mwenye akili timamu kwa dakika hiyo, aliyeelewa vizuri kabisa nilichomwambia, nikamwita aliyechanganyikiwa, na ugonjwa wake ukanipa cheti cha kuaminika. Msimamizi akaitikia kwa kichwa. Mtoto wa mzee akafunika uso kwa mikono.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha kifo, maradhi yakaniumbua.

Nilimsimulia binti yangu jioni hiyo, tukimenya viazi. Ana miaka kumi na saba, anasikia Kiswahili chote na kujibu Kiingereza. Ndiye yule mtoto mchanga aliyechukuliwa asubuhi ile kambini. Nilimweleza habari ya wanawake wanne, uji, mikono mgongoni. Alisikiliza mpaka mwisho. "But Mum," akasema, "you were one person. And you never got to the second part. So it's just a lie." Kwamba nilikuwa peke yangu na sehemu ya pili sikuifikia, basi ni uongo tu. Nilimwambia aangalie viazi vyake.

Mazishi yalipangwa Ijumaa, saa nne asubuhi, watu kumi tu kanisani, wengine kwa video. Siku niliyomdanganya ilikuwa Jumatatu. Siku zote hizo mzee alikaa kwenye mlango mkubwa, koti na viatu, akibonyeza namba za kufuli bila mpangilio. Mambo mengine aliyasahau ndani ya saa moja. Hili hakulisahau. Kila mtu aliyepita alimwambia mgonjwa, mgonjwa, na kuonyesha barabara. Mtoto wake alipiga tena mara mbili, na mara zote mbili mzee alimkasirikia, kwamba anasema mambo mabaya juu ya mama yake aliye hai. Mwenzangu Mkongo alinivuta kando. "Dada, ulimuambia nini ule muzee? Hakuli. Anasema bibi yake iko anamungojea ku hospital. Sema kweli."

Nikasema kweli. "Ata mimi ningefanya vile," akasema. "Lakini wewe ulimuacha katikati ya njia."

Nilichoogopa sasa si barua ya onyo. Niliogopa Ijumaa ipite, mke wa mtu azikwe, na mumewe amesimama mlangoni akitafuta njia ya kwenda kumwuguza. Kisha aishi hivyo, mwezi baada ya mwezi, akiamini tumemzuia. Alhamisi nilikwenda ofisini kwa msimamizi nikamwambia yote, na jinsi nilivyosema amechanganyikiwa. Alinisikiliza akiwa amesimama. Barua niliipata, na ilikuwa ya haki. Lakini nilimwomba jambo moja, na alikubali: nimwambie mimi, kwa kuwa mzee ananiamini mimi kuliko mtoto wake, na nimwambie kwa taratibu zetu, mpaka mwisho safari hii.

Ijumaa saa mbili tulikuwa wanne chumbani. Msimamizi, mwenzangu Mkongo, mimi, na baharia, ambaye nilimwomba awe mdomo wangu. Alikuwa amevaa tai. Sote tulikuwa na barakoa, glavu, na zile aproni za plastiki za bluu zinazopiga kelele ukisogea. Mwenzangu alisimama nyuma ya kiti, mikono mabegani mwa mzee. Mzee hakutaka kula, tukaacha.

Nikamwambia baharia nini cha kusema, na nikamwomba asiongeze wala kupunguza. Kwamba siku ile niliposema mgonjwa, mkewe alikuwa tayari amekufa. Kwamba nilijua. Kwamba mtoto wake alisema kweli na mimi nilinyamaza. Baharia alisita, akaniuliza, "Hata hilo la kujua?" Nikasema hata hilo.

Alisema kwa Kinorwe, polepole. Nilisikia neno la kifo lilipopita, fupi, na hata mimi nililitambua. Lugha zao zote zina hilo, na Kiingereza pia. Mzee alitazama midomo ya baharia, maana baharia alikuwa ameshusha barakoa na msimamizi hakumkataza. Akauliza kitu. Baharia akajibu neno moja. Akauliza tena, akajibiwa vile vile. Mwenzangu akamkumbatia kutoka nyuma, na yule mzee mrefu akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa Mzungu.

Hiyo ni sehemu ambayo kwetu tunasema sasa amefika. Saa nne tulimwekea tableti mezani. Aliona jeneza, aliona jirani na mchungaji na viti vilivyoachana. Alivua koti mwenyewe. Alitazama mpaka mwisho, alisema kwaheri yake kwa Kiswidi, na hakuna aliyetafsiri. Kuhusu hilo moyo wangu umetulia: alimzika mkewe.

Nilipoinama kumpangusa uso, akageuza kichwa.

Nilidhani ni siku ile tu. Lakini kesho yake nilipomletea uji alifumba midomo. Nilipomvalisha shati alikunja mikono kifuani. Mwenzangu akija, anafungua mdomo, ananyoosha mikono. Nilikwenda sokoni Granville nikanunua viazi vile vya njano ambavyo mkewe alivipenda, nikavichemsha nyumbani, nikavileta kwenye mkebe. Alivila kutoka mkononi mwa mwenzangu.

Aliishi miezi mitano. Milango na mipaka ilifunguliwa, mtoto wake akaja kutoka Perth hatimaye, na mzee hakumtambua. Akasahau mazishi. Akasahau kwamba mkewe amekufa, kisha akasahau mkewe, akawa anaitazama picha yake kwa heshima tu, kama picha ya mtu wa ofisini. Nikajipa moyo. Ikiwa mke aliyeishi naye zaidi ya miaka hamsini ameondoka kichwani mwake, basi na mimi nimeondoka, tutaanza upya. Nikaingia asubuhi moja na sahani yangu, nikiwa na tabasamu chini ya barakoa. Akanitazama kwa makini. Akafumba midomo.

Nilimwita baharia. Nilimwomba amwulize mzee, kwa upole, mimi nilimfanya nini. Waliongea kwa muda, Kinorwe na Kiswidi, vichwa vikikaribiana. Baharia alichelewa kunigeukia.

"Anasema hajui," akaniambia. "Hakumbuki ulimfanya nini, wala wewe ni nani. Anajua tu kwamba ukimwambia kitu, asikuamini."

Sahani ilikuwa bado ina moto. Nikaiweka mezani, nikatoka kumwita mwenzangu aje amlishe.